Tundu la Juu la Bi Tetea

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, huko milimani ambako kipupwe kikishuka nyasi huamka nyeupe, aliishi kuku mmoja, Bi Tetea. Mumewe alikuwa Jogoo Mbiu. Vifaranga wao walikuwa saba. Mwaka wa nyuma baridi ilikuwa imeua wengine watatu, na tangu hapo Bi Tetea hakutulia. Akikaa, anasimama. Akila, anasimama. Na kipupwe kilikuwa kinarudi.

Akaanza kazi. Akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akakandika banda kama tunavyokandika nyumba zetu. Pata, pata, pata! Akaimba:

"Baridi, baridi, utapita wapi?
Hapa nimeziba, na hapa nimeziba!"

Chini akatandaza majani makavu. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Akaja jirani yake, Bata, Bi Mashata.

"Hodi, jirani!"

"Karibu, shoga, ila sina nafasi."

"Kazi nzuri. Huko chini ziba. Lakini lile tundu la juu, karibu na paa, liache. Pumzi zenu zitatokea wapi?"

"Wewe una manyoya ya mafuta, baridi unaisikia kwa watu tu! Umewahi kuzika mtoto, wewe?"

Bata akaenda zake. Bi Tetea akapanda juu, akaliziba tundu. Pa!

Asubuhi, to! to! to! Matone yanadondoka ndani, na nje hakuna mvua. Majani yamelowa. Vifaranga, khe! khe! khe!

"Mume wangu, baridi imeingia!"

"Imepita wapi, mama watoto?"

"Kuna tundu sijaliona!"

Jamani, kuku huyu! Akatafuta, akatafuta, akaona ufa mwembamba kama ukucha. Akauziba. Pata, pata, pata!

"Baridi, baridi, utapita wapi?"

Asubuhi ya pili, to! to! to! Zaidi ya jana. Jogoo akasimama awike. "Kokoo... khe!" Sauti imekauka. Bi Tetea akaziba hadi kingo za mlango.

Asubuhi ya tatu akahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Wa saba, Kidoto, mdogo wao, alikuwa amelala kwenye majani yaliyolowa, mdomo wazi. Akamgusa. Akamgusa tena. Wapi!

Bi Mashata akaja. Hakusema "nilikwambia". Alisema, "Pole, jirani yangu." Kisha akapitisha bawa lake ukutani, likatoka linachuruzika.

"Haya si maji ya mvua. Ni pumzi zenu. Zimekosa njia, zimewarudia."

Bi Tetea alilia, watu wangu, alilia sana. Halafu akaruka juu, akaudonoa ule udongo kwa mdomo wake mwenyewe. Ngo! ngo! ngo! Mpaka damu. Tundu likafunguka. Upepo, fuuu! Akaogopa, lakini akaliacha wazi. Wakatoa majani yaliyolowa, wakatandaza makavu.

Jioni watoto sita waliingia chini ya mbawa zake. Upepo ukapiga mluzi pale juu. Bi Tetea akasimama. Akaokota donge la udongo. Jogoo akamtazama tu. Akaliweka chini. Akakaa. Akasimama tena, akakaa tena. Kipupwe kizima alikuwa hivyo, na tundu hakuliziba. Watoto wote sita walikua.

Sikilizeni, wakubwa na wadogo: mkinge mtoto na baridi, lakini mwachie pa kupumulia. Hofu ya mzazi nayo huua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye karibu na dirisha, alifungue kidogo.