Majani ya Kona ya Mama Twaha

Majani ya njiani hayasemi na mwenye mbio. Ndivyo alivyosema yule dereva wa lori leo asubuhi, hapa mbele ya meza yangu ya matunda, akimwambia Shaibu aliyekuwa amempita pale kona ya juu, pikipiki imelala upande mpaka goti karibu liguse lami. Alisema hivyo tu, akachukua mapeasi yake, akapanda lori, akaondoka. Ninyi vijana wa bodaboda mkacheka. Kisha kicheko kikaisha, mkaniuliza: Bibi, majani gani hayo, na tangu lini majani yakasema?

Haya, sogeeni. Na wewe Shaibu zima hiyo injini, kila siku unalia mafuta yamepanda bei, kumbe unayachoma ukiwa umesimama. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Kwemhafa, ng'ambo ya mgomba wangu, na ilizaliwa hivi.

Nilikuwa na jirani tukimwita Mama Twaha. Mumewe alifariki watoto wangali wadogo, akawalea peke yake: Salehe, ambaye mnamjua, analima kabichi mpaka leo, na Twaha, kitindamimba. Kitindamimba mnamjua mambo yake, yeye hudeka na mama hudekeza. Twaha alisoma, akapata kazi ya ufundi umeme kiwandani Tanga mjini. Hakuwa mtoto mbaya. Hilo nataka mlishike, maana watu wakisimulia habari hii humfanya shetani, na mimi nimemwogesha kwa mikono yangu. Nyumba ya mama yake aliiezeka bati jipya. Kila Idi alileta kitenge, na kwa mama yake na kwangu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, naye hakuutafutia dawa. Alipenda mwendo.

Akajinyima, akajinyima, mpaka akanunua pikipiki. Msidhani ni kama hizi zenu za kubebea magunia. Ile ilikuwa ya njano, pana kifuani, nyembamba mkiani, imetoka ng'ambo kwa meli. Mpandaji hakai, analala kifudifudi juu ya tenki kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Gia ya kwanza peke yake ilikuwa inaliacha basi. Alipokuja nayo mara ya kwanza aliiacha pale barabarani, tukashuka sote kuitazama, mama yake mbele.

"Mzigo unafunga wapi?" Mama Twaha akauliza, akiizunguka.

"Haibebi mzigo, mama."

"Na mtu?"

Twaha akamwonyesha kipande cha kiti nyuma, hata kuku angekaa kwa kujibana. "Mtu anakaa hapa. Lakini si vizuri sana."

"Na kile kilima chetu inakipanda?"

"Haikipandi. Iko chini mno, itakwaruza tumbo. Hii ni ya lami, mama."

Mama Twaha akajishika kiuno. "Sasa baba, umenunua kitu kisichobeba mtu, kisichobeba ndizi, wala hakifiki kwa mama yako!"

Tulicheka mpaka machozi. Twaha ndiye aliyecheka kuliko wote. Kicheko kile nikikikumbuka sasa kinanichoma.

Maana ikawa kweli. Kila Jumamosi Twaha na wenzake wa mjini, wenye pikipiki kama yake, walikuwa wakija kuzifurahia kona zetu. Toka Mombo kuja juu barabara ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku, bonde huku, na wao walizipenda hizo kona kama watoto wanavyopenda miwa. Tulikuwa tunawasikia wakiwa bado bondeni kabisa, sauti kama mtu anachana kanga mpya. Mama Twaha akisikia, huacha chochote alichoshika, hushuka mbio mpaka barabarani. Twaha hupita. Huinua mkono mmoja. Basi, ameshakwenda. Kusimama alikuwa hasimami, wenzake watamwacha. Kupanda nyumbani alikuwa hapandi, pikipiki itakwaruza tumbo.

"Dada," Mama Twaha akaniambia siku moja, "mwanangu simwoni. Naona kofia yake ya pikipiki tu. Nitajuaje kama amekonda?"

Jumamosi iliyofuata nikamkuta na panga, anakata matawi ya ule mti wa pembeni ya kona, anayatandaza kwenye lami.

Sasa majani ya barabarani mnayajua, ila nayasema kwa ajili ya asiyejua. Gari likiharibika, dereva hukata matawi akayalaza nyuma na mbele, ajaye ajue kuna kitu. Nyumba ikipata msiba, vijana huyalaza juu na chini ya nyumba, na kila gari hupunguza mwendo, mwenye muziki akauzima, mwenye kofia akaivua. Hakuna askari anayesimamia jambo hili. Tumelikuta hivyo, nasi tunaliacha hivyo. Kwa hiyo nilimkemea.

"Mama Twaha, majani hayachezewi. Unajiitia kitu."

"Sichezi, dada. Gari bovu huwekewa majani. Msiba huwekewa majani. Na mtoto asiyesimama, hiyo si hatari?"



Siku ile majani yalifanya kazi. Twaha alitokeza, akayaona, akashika breki zote, pikipiki ikayumba kama mlevi, ikasimama. Akafunua kioo cha kofia, macho yamemtoka. "Mama! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nilitaka nikuone uso."

Mama Twaha akamvua ile kofia yake kubwa, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anachagua nyanya. Akamlisha ndizi mbivu pale pale. Twaha akala, akaguna kidogo, akacheka, akaondoka. Mama yake alipanda kilima ameng'aa siku nzima.

Mara ya pili Twaha alisimama kwa shida, injini haikuzimwa. Mara nyingine alipunguza tu mwendo akapaza sauti, "Nitakuja Idi, mama!" Baadaye akawaambia wenzake: mkifika kona fulani mtakuta majani, msishtuke, hayo ni ya mama yangu. Wakawa wanayapita katikati, mmoja baada ya mwingine, kama mchezo. Salehe alikuwa akimpigia simu kumgombeza: unampita mama kama unapita kituo cha mafuta! Twaha akachoka na maneno ya kaka yake. Jumamosi ikawa simu ya Salehe haipokelewi.

Na Mama Twaha? Hakuacha kuweka majani. "Amenipungia," alikuwa akiniambia akirudi. "Leo amenipungia vizuri."

Mnaona mambo haya? Basi Jumamosi moja alfajiri Mama Twaha akatawadha, akatandika msala, akasujudu, asiinuke tena. Presha alikuwa nayo muda mrefu. Salehe alinigongea, nikaingia, nikamfumba macho mimi mwenyewe. Salehe akaanza kumpigia Twaha, simu ikawa inaita mpaka inakata, maana mwenzetu alikuwa ameshashika njia na simu ikiwa ndani ya begi mgongoni.

Vijana wakakata matawi, wakayalaza barabarani kama inavyopasa. Waliyakata kwenye mti uleule aliouzoea yeye, kwa kuwa ndio ulio karibu, na wakayalaza kwenye kona ileile, kwa kuwa ndiyo kona ya nyumba.

Jua lilikuwa limeshapanda tuliposikia kanga zinachanwa bondeni. Wanawake tuliokuwa uani tukageuka kutazama barabarani, hata waliokuwa wakilia. Salehe akakimbia kuteremka, kanzu ameikunja mkononi, akasimama pembeni ya lami akipunga mikono yote miwili. Watu waliokuwa wamekaa chini wakasimama wakapunga naye.

Twaha aliyaona majani. Alitusimulia mwenyewe baadaye: aliyaona, akacheka ndani ya kofia, akasema moyoni, mama leo ameyajaza. Akainamisha pikipiki, akapita katikati. Aliona watu wengi wanapunga, akadhani wanashangilia, maana watu wa barabarani huwa wanawashangilia. Akainua mkono. Wenzake wakapita nyuma yake. Majani yakaruka kidogo, yakatua.

Alipofika Lushoto akafungua begi, akakuta simu za Salehe zimejaa. Akasema, leo kaka ana hasira kweli. Akazima simu, wakaendelea milimani.

Sisi tukasubiri. Adhuhuri ikapita, Salehe akaomba tungoje kidogo. Wazee wakamwambia kwa upole, mwanangu, haki ya maiti ni kuharakishwa. Akaomba mpaka alasiri, wakamkubalia mpaka alasiri. Hapakuwa na mtu. Salehe akashuka kaburini na mjomba wake, na mahali pa Twaha akashuka jirani. Mnajua uzito wa jambo hilo. Mwana wa kiume yupo hai, yuko mlima wa pili tu, na mama yake anapokelewa kaburini na mtu wa nyumba nyingine.

Jioni Twaha alirudi peke yake, wenzake wametangulia. Mbele yake likawa lori la kabichi. Dereva wa lori alipoyaona majani alizima redio, akakanyaga breki, akatambaa. Twaha akataka kulipita, lakini basi la abiria likawa linapanda kuja. Akabaki nyuma ya lori. Ndipo kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akaipita kona ya mama yake kwa mwendo wa mtu.

Na mwendo ule ukamwonyesha. Akaona majani yamenyauka, yamekanyagwa siku nzima. Akaona mikeka. Akaona sufuria kubwa la msikiti na wazee wamevaa kofia zao. Akamwona Salehe amekaa juu ya jiwe, miguu ina udongo mwekundu mpaka magotini.

Akasimamisha pikipiki, akavua kofia.

"Kaka, nani?"

Salehe akapangusa udongo magotini.

"Kaka, nakuuliza, nani? Mama yuko wapi?"

"Mama tumeshamzika."

Nilikuwa pale, nimeshika sinia.  Twaha akasema polepole, "Lini?"

"Amefariki alfajiri. Nilikupigia."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

"Lakini kaka, asubuhi mimi nilipita hapa."

"Ulipita," Salehe akasema. "Tulikuona. Ulitupungia mkono."

Twaha akakaa chini, kwenye lami, juu ya yale majani. Kofia ikabiringika ikaenda zake mtaroni, hakuna aliyeifuata. Alianza kuyaokota majani moja moja, anayapangusa, anayaweka mapajani. Salehe alikuwa na hasira ya siku nzima kifuani, nami niliogopa atampiga. Lakini alipomwona anayapangusa yale majani, akashuka kwenye jiwe, akaketi chini naye, akamshika bega, wakalia wote wawili.

Pikipiki haikuweza kuachwa kwenye kona. Vijana wakaizunguka, wakaishika huku na huku, wakaiinua, wakapanda nayo kilima. Walikuwa walewale waliotoka kubeba jeneza.  Hiyo ndiyo siku pikipiki ile ilipofika kwa Mama Twaha.

Kwenye hitima wenzake wa mjini walikuja, safari hii kwa gari. Mmoja wao, kijana mpole tu, hakuwa na nia mbaya, akamuuliza mbele ya watu, "Kwani Twaha, siku ile hukuyaona majani?"



"Niliyaona," Twaha akasema. "Niliyaona vizuri sana. Lakini majani ya njiani hayasemi na mwenye mbio."

Yule dereva wa lori la kabichi alikuwapo, alikuja kutoa pole. Akayachukua maneno yale, akayapeleka na kabichi zake mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana leo mnayasikia kwa dereva asiyemjua Twaha wala mama yake.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa la mama, aliyazoesha majani kusema uongo. Mimi nilimkemea mapema, mmesikia, lakini hilo silikubali. Kila Twaha aliposimama kwenye majani yale alimkuta mama yake amesimama hapo, ana ndizi mkononi. Uongo wake uko wapi?

Twaha siku hizi huja kwa basi. Hushuka chini huko, hupanda kwa miguu, hunisalimia, hunisaidia kupanga matunda haya. Pikipiki iko bandani kwa Salehe, kuku wanatagia kwenye kile kiti kidogo. Huifuta vumbi, lakini haiwashi. Ukimwambia yamepita, atakuitikia, ndiyo, yamepita. Hayajapita. Mimi namwona anavyosimama pale kona akisikia mlio bondeni.

Haya, Shaibu, unasemaje?

"Bibi," Shaibu akaniuliza, amekwishashuka kwenye pikipiki yake, "yale majani ya leo asubuhi, pale kona ya juu, ni ya msiba wa nani?"

Umeyapita mara ngapi tangu kupambazuke, mjukuu wangu? Nyumba ile naijua, na jina ningeweza kukutajia. Lakini sikutajii. Acha pikipiki hapa, nitakuangalizia. Nenda kwa miguu, uyasikilize mwenyewe, maana majani ya njiani hayasemi na mwenye mbio.