Mwiba Hautoki kwa Wimbo

Mwiba hautoki kwa wimbo. Ndivyo Bi Namkunda, mwalimu mstaafu, alivyowaambia wajukuu zake jioni moja walipokuwa likizo kutoka chuoni. Walikuwa wakibishana sebuleni kuhusu wanafunzi wenzao walioanzisha vikao vya watu wa asili moja tu, wengine hawaingii. Sauti zilipopanda, mkubwa wao, Semvua, akasema, "Tuyaache hayo. Sisi sote ni Watanzania, basi." Hapo ndipo bibi alipoinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele na kuyasema maneno hayo.

"Methali hiyo imetoka wapi, bibi?" wakamuuliza.

"Ina kwao," akajibu, "na chanzo chake ni hiki."

Miaka michache baada ya uhuru, kilikuwapo chuo cha ualimu kilichoitwa Kwenkole, upande wa milimani. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Kusum, binti wa fundi cherehani wa Korogwe. Kusum alizaliwa Korogwe, akacheza rede katika vichochoro vya Korogwe, na akikasirika alitukana kwa Kizigua. Chumbani alilala na Nakijwa, msichana wa Kipare kutoka Same, mrefu, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Walitumia sabuni moja na ndoo moja. Nakijwa alimsuka Kusum, na Kusum alimfundisha mwenzake kupika dengu hata Nakijwa akaanza kujigamba kuwa zake ndizo tamu zaidi.

Wasichana wa Kihindi pale chuoni walikuwa wachache. Kila Jumapili alasiri walikutana katika chumba cha ushonaji, wakala vitafunio vya nyumbani na kuzungumza Kigujarati. Hawakuwa na siri yoyote. Walikwenda kupumua tu. Wiki nzima walikuwa wamesikia, "Nyie kwenu Bombay." Sukari ikiadimika mjini, macho ya darasa zima yaliwageukia kana kwamba wameificha chini ya vitanda vyao. Katika chumba kile hakuna aliyewageukia.

Jumapili moja wavulana fulani wakaja dirishani, wakagonga vioo na kuigiza mazungumzo yao kwa kupindapinda ndimi. Pushpa, aliyekuwa mkubwa wa kundi, akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa wino mwekundu: KWA WAHINDI PEKE YAO. Akakibandika mlangoni.

Jumapili iliyofuata Nakijwa alikuja mbio hadi mlango ule. Mama yake Kusum alikuwa amewasili bila taarifa, naye alikuwa akimsubiri getini. Nakijwa akasukuma mlango. Pushpa akauziba kwa mwili wake.

"Hujui kusoma?"

"Namtaka Kusum."

"Nimekuuliza, hujui kusoma?"

Kusum alikuwa amekaa palepale ndani, bakuli mapajani. Macho yake yakakutana na ya Nakijwa. Neno moja tu lingetosha. Badala yake akainamia bakuli lake.

"Basi mwambieni mama yake yuko getini," Nakijwa akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo walilala chumba kimoja kama wageni. Nakijwa alinunua ndoo yake mwenyewe. Habari ikaenea, na kabla wiki haijaisha kibao kingine kikaonekana kwenye meza moja ndefu ya bwalo: KWA WAAFRIKA PEKE YAO. Watu waliokuwa wakila pamoja wakaanza kutazamana kwa mbali.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Mgaza, alikuwa mtu mwema, lakini neno "rangi" lilimtisha kuliko nyoka. Akawakusanya wote, akasema, "Hapa hakuna Mhindi wala Mwafrika. Sitaki kusikia habari hizo tena. Tuimbe." Wakauimba wimbo wa umoja, beti zote, wakaumaliza vizuri. Kisha kila kundi likarudi upande wake.

Jumamosi ilikuwa siku ya shamba. Walipalilia mahindi kwa safu, na kiongozi wa zamu, kijana aitwaye Sekiete, aliongoza nyimbo ili majembe yaende pamoja. Ukingoni mwa shamba palikuwa na matawi ya mgunga yaliyokatwa. Kusum akakanyaga moja. Mwiba ukapenya raba, ukazama ndani ya unyayo.

Hakupiga kelele. Alijua watakavyosema. Akaendelea kulima na kuimba, jasho likimtiririka, akiweka kisigino tu chini. Nakijwa alikuwa safu ya pili. Alikuwa ameapa kutomtazama, lakini aliona udongo nyuma ya Kusum ukibadilika rangi. Akatupa jembe.

"Kaa chini. Vua kiatu."

"Si kitu."

"Kiatu kimejaa damu, unasema si kitu? Vua!"

Kusum akakaa. Nakijwa akauweka mguu ule pajani mwake, akachomoa pini kwenye kola yake.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mngesema Mhindi hawezi jembe."

Nakijwa akafikiri. "Kweli, tungesema." Akaanza kuchokonoa. "Na wewe siku ile mlangoni, mbona hukusema?"

Kusum akang'ata midomo, na haikuwa kwa sababu ya pini. "Niliogopa. Wale ndio watu pekee hapa ambao sihitaji kujieleza kwao. Ningekutetea, ningekosa pa kwenda."

"Kwangu ulikuwa ukijieleza?"

"Wiki ya kwanza uliniuliza kwetu ni wapi. Nikakwambia Korogwe. Ukacheka, ukasema, 'Hapana, kwenu hasa.'"

Mkono wa Nakijwa ukasimama. "Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikujua kama iliuma."

"Sikukwambia."

Sekiete akawaona wamekaa, akawapigia kelele kutoka upande wa pili wa shamba. "Nyie wawili! Simameni muimbe, wimbo unaondoa maumivu!"

Nakijwa, yule asiyejua kunong'ona, akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabweni. "Mwiba hautoki kwa wimbo!"

Shamba zima likaangua kicheko. Wakati wakicheka, Nakijwa akavuta, na mwiba ukatoka, mrefu kama sindano ya magunia. Kusum akalia kwa mara ya kwanza. Nakijwa akakifunga kidonda kwa kitambaa chake cha kichwani.

Alasiri ile Mwalimu Mgaza aliwakusanya tena, kwa kuwa vijana wawili walikuwa wamekunjana mashati bwaloni. Akafungua kinywa aanzishe wimbo. Kusum akasimama kwa mguu mmoja, akimshika Nakijwa bega.

"Samahani, Mwalimu. Mwiba hautoki kwa wimbo."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Kusum akaeleza habari ya mlango, na jinsi alivyoinamia bakuli. Mguu ulimuuma, lakini hakukaa. Nakijwa naye akaeleza alivyocheka. Kisha Sekiete akanyanyuka, akasema kwamba baba yake aliwahi kusimamishwa nje ya duka la Mhindi, juani, hadi wateja wengine wote walipokwisha. Pushpa akaruka. "Duka lile ni langu? Mimi nilikuwa wapi?" Sekiete akajibu, "Na sukari je, tulipokutazama wewe, ulikuwa umeificha wapi?" Akasikia mwenyewe alichokisema, kwamba Pushpa hakuwahi kuficha sukari yoyote, akakaa.

Mwalimu Mgaza alitaka kuwakatiza mara kadhaa. Kila alipovuta pumzi, aliutazama mguu wa Kusum, akaiachia.

Hawakumaliza siku ile. Wapo waliotoka na hasira zaidi ya walizoingia nazo, na mmoja hakuwahi kurudi katika mazungumzo hayo. Lakini vibao vyote viwili vilibanduliwa, na waliovibandua ni wenyewe walioviandika. Pushpa akauliza kama sasa wanatakiwa kuacha kikao chao cha Jumapili.

"Kaeni mpumue," Nakijwa akamjibu. "Hata mimi nikienda kwetu Same napumua. Ila tukigonga, mfungue."

Kusum na Nakijwa waliuza ile ndoo mpya. Na wanafunzi wa Kwenkole walipohitimu na kutawanyika kufundisha, kila penye ugomvi uliofunikwa kwa maneno matamu waliyasema maneno ya Nakijwa, hata yakafika kwa watu wasiojua shamba lile liko wapi.

Bi Namkunda akarudi kwenye mchele wake. Semvua akasogea karibu naye.

"Kuna rafiki yangu katika kile kikao," akasema. "Tumeacha kusalimiana. Chuo kikifunguliwa nitakwenda kugonga, bibi. Nimuulize aliumia wapi, nami nimwambie nilipoumia."

"Gonga, mjukuu wangu," bibi akasema. "Itauma, lakini gonga. Mwiba hautoki kwa wimbo."