Bastola Moja, Nyumba Tatu

Sogeeni, sogeeni. Aliyeshiba akae nyuma, mwenye wivu aje mbele, maana hadithi hii ni yake. Nyie wawili mnaosukumana hapo mlangoni, ama mwingie ama mtoke. Nitasimulia mara moja tu, na mwishoni nitauliza swali. Atakayenijibu "sijui" ataosha vyombo vyote vilivyoko uani.

Katika mji wa mnada uitwao Kilembwe palikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe, Mzee Sufiani Njiku. Wake watatu, nyumba tatu, ua mmoja. Akinunua kanga, ni doti tatu za rangi moja. Akinunua nyama, ni mafungu matatu, na mfupa unagawanywa kwa shoka. Zamu za kulala alizishika kama sala, usiku kwa usiku, hakukosea hata mara moja. Watu walimsifu kwa uadilifu. Lakini jamani, macho ya mwanamume nayo unayagawaje? Hapo ndipo wivu ulipopata mlango.

Mke mkubwa, Bi Mwajabu, kipaji chake kilikuwa mikono. Mtu akiteguka alipelekwa kwake, naye alimpapasa mara moja tu akasema, "Ni hapa." Mke wa kati, Zaituni, kipaji chake kilikuwa jicho. Kabla ya kuolewa alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka sita, na alichokilenga hakikuondoka. Mke mdogo, Shamimu, kipaji chake kilikuwa sindano. Angeweza kukushonea mfuko ndani ya shati lako mwenyewe, ukalivaa mwaka mzima bila kujua uko wapi.

Na kila mmoja alimwonea mwenzake kijicho, nasema wazi. Mkubwa alimwonea mdogo ujana wake. Mdogo alimwonea mkubwa watoto wake watano, kwa sababu yeye alikuwa na miaka minne ya ndoa bila hata mmoja. Zaituni aliwaonea wote wawili. "Yule anaheshimiwa, huyu anapendwa," alikuwa akisema akitwanga, "na mimi niliyeko katikati ni kizingiti cha kurukwa?" Na kinu kilimjua siku hiyo.

Basi, Mzee Sufiani alivamiwa mara mbili akitoka mnadani. Ya kwanza walimwacha na jicho limevimba, ya pili walimwacha bila fahamu. Akaomba kibali cha silaha, akahojiwa, akachunguzwa, akapewa: bastola moja, ndogo, ya kubeba ndani ya nguo. Siku ya kwenda dukani kuichagua, akamwambia Zaituni wafuatane, kwa kuwa ndiye aliyejua mambo hayo. Bi Mwajabu akavaa viatu. Shamimu akajifunga mtandio. Wakaenda wote wanne. Muuzaji alipowaona wanaingia kwa mkupuo vile alirudi nyuma hatua moja.

Akawawekea bastola tatu mezani. Zote fupi, ila risasi zake zilitofautiana. Moja ilikula risasi nene, wanayoiita arobaini na tano. Ya pili ilikula ya milimita tisa. Ya tatu, nyembamba kuliko zote, ilikula ile fupi iitwayo tatu themanini.

Mzee Sufiani akaikamata ya arobaini na tano bila hata kuuliza. Kisa? Hasimu wake wa mnadani, Kibwana Mzonge, alikuwa nayo ya namna hiyo hiyo. Wanaume nao wana wivu wao, ila wao huuita heshima.

"Baba Sudi, lete mkono," akasema Bi Mwajabu.

Akaushika mkono wa kulia wa mumewe, akaubonyeza kifundoni. Mzee akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Unaona? Fahali alikuvunja hapa miaka kumi na tisa iliyopita, na mimi ndiye niliyekukanda. Hilo dubwana litakuruka mkononi mara moja tu, basi. Risasi ya pili utaipiga mawinguni. Liweke chini."

Akaliweka.

Shamimu akaidaka ile nyembamba. "Basi hii, mume wangu. Hii nikiificha ndani ya nguo yako, hata ukinikumbatia siisikii." Bi Mwajabu akakohoa. Muuzaji akajifanya anapangusa kioo cha meza.

Zaituni akasogea mezani. Aliomba risasi mbili, fupi na ya tisa, akazisimamisha kando kwa kando. "Angalia, Mzee. Upana ni mmoja. Tofauti iko kwenye ganda: hii fupi ina baruti kidogo, hii ya tisa ina baruti ya kutosha kumzuia mtu anayekuja na panga. Halafu ile nene, magazini yake inachukua saba. Hii inachukua kumi. Kwa mtu atakayekosa ya kwanza, mimi ningechukua tisa."

"Nani amesema nitakosa ya kwanza?"

"Mimi."

Wakacheka mpaka muuzaji. Mzee Sufiani akanunua ya tisa.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wivu ulipovaa nguo za kazi.

Hawajafika hata nyumbani, Bi Mwajabu akasema kwamba hata ya tisa, kwenye bastola fupi, inaruka. Mkono ule ulitaka kukandwa mafuta ya moto na kufungwa kitambaa. Kila alfajiri.

"Kila alfajiri?" akauliza Shamimu. "Hata akiamka kwangu, dada?"

"Mkono hauna zamu, mdogo wangu."

Zaituni akasema kwamba bastola isiyofanyiwa mazoezi ni chuma tu. Kwa hiyo kila Jumamosi, asubuhi mpaka adhuhuri, yeye na mumewe walikwenda uwanja wa shabaha, wawili peke yao. "Pumua. Usiivute, ibonyeze. Ukikosa usishangae, piga ya pili hapo hapo." Na Jumamosi, mjue, haikuwa zamu yake daima.

Na Shamimu? Ya tisa ilikuwa nene kuliko alivyotaka, akalia kidogo, kisha akakaa kwenye cherehani. Akafumua bitana la koti la mumewe, akajaza pamba, akashona mfuko chini ya kwapa la kushoto ambao hata fundi mwenzake asingeuona. Tena ulitaka kurekebishwa kila asubuhi kabla Mzee hajatoka. Kifungo kimoja, na alikifunga kwa robo saa! Wenzake wakiwa uani wanahesabu.

Msinitazame hivyo. Kweli walimpenda, lakini hakuna aliyefanya yale kwa ajili ya bastola. Kila mmoja alikuwa anaiba dakika za mwenzake.

Ikaja Jumatatu moja, alasiri, jua bado kali. Mzee Sufiani anatoka mnadani, anavuka korongo kavu. Vijana wawili wakatokea, wana mapanga. Wakamshika, wakampapasa kiunoni, mgongoni, mpaka ndani ya soksi. Mkono ukapita kifuani, ukapita juu ya ile pamba ya bitana, haukusikia kitu. Wakachukua simu. Bastola angekuwa ameichomeka kiunoni kama wafanyavyo wengine, wangeichukua na kumpigia hiyo hiyo.

Kisha mmoja akasema, "Huyu ametuona sura." Mwenzake akainua panga.

Mzee Sufiani akapeleka mkono kwapani, akatoa, akapiga. Akakosa! Risasi ikagonga jiwe. Bastola ikaruka, lakini kifundo kikashika, hakikuachia. Na kabla hajafikiri, kidole kikabonyeza tena, na ya pili ikamwingia mwenye panga kwenye muundi wa mguu. Akaanguka. Mwenzake akatimua mbio, hata leo hajaonekana. Yule aliyejeruhiwa alipelekwa hospitali, yu hai, mguu wake atauelezea mahakamani.

Mzee akarudi nyumbani. Ua mzima ukajaa majirani, vilio na vigelegele pamoja. Katika furaha ile, masikini, akafungua kinywa mbele ya watu wote: "Mke aliyeniokoa, kasha la bastola litawekwa nyumbani kwake!"

Vigelegele vikakatika.

Ngojeni niwaeleze habari ya kasha. Ofisa wa silaha alikuwa amempa miezi mitatu ya kujiandaa. Katika miezi hiyo bastola ililala kituoni: asubuhi Mzee anaichukua, jioni anairudisha. Baada ya hapo lilitakiwa kasha la chuma, lifungwe kwa bolti ukutani, nyumba moja, na lisihamishwe. Maana yake nini? Maana yake kila asubuhi anayoishi duniani, Mzee Sufiani ataingia nyumba ile kuchukua bastola, na kila jioni ataingia kuirudisha. Awe na zamu, asiwe na zamu. Atakuta chai. Atakuta maji ya kuoga. Ataulizwa, "Umeshindaje?" Hebu niambieni, mke gani hataki ukuta wake utobolewe?

Bi Mwajabu alisema, "Mngemwachia dubwana lake, leo tungekuwa tunasoma hitima. Na kifundo kile kingelegea kwenye risasi ya kwanza, ya pili ingetoka wapi? Mkono ulioshika ni mkono wangu." Kisha akashusha sauti. "Watoto wameolewa, wameoa, wameondoka. Zamu yangu anakuja kulala tu, ameugeukia ukuta. Basi nipeni huo ukuta."

Zaituni alisema, "Mkono bila shabaha ni wa kupungia watu kwaheri. Nani aliichagua ya tisa? Nani alisema atakosa ya kwanza? Nani alimfundisha ya pili? Ile fupi ya Shamimu ingemkwaruza tu yule kijana, na panga lingeshuka." Akajifuta macho kwa hasira, hakutaka yaonekane. "Miaka kumi na moja nimepitwa mlangoni. Na mimi nataka mtu aingie kwangu bila kuhesabu siku."

Shamimu alisema polepole, maana alikuwa mdogo na waliomtazama walikuwa wengi. "Dada zangu, mkono na shabaha vingefanya nini kama wangeiona? Walimpapasa mpaka soksi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi ndiye niliyeiweka karibu. Ninyi mna watoto. Siku akichoka na mimi, nini kitamrudisha mlangoni kwangu? Sina kingine."



Najua, najua. Wewe uliyeinua kidole, unataka kusema aliweke kasha dukani kwake. Ofisa alikataa: lazima mtu mzima alale humo kila siku. Na wewe bibie, unataka kusema airudishe bastola polisi, yaishe. Aliyeanguka korongoni ana ndugu wawili, na wameshatuma salamu za kisasi. Kura? Aliitaja Mzee mwenyewe, Bi Mwajabu akamuuliza: "Umeokolewa kwa kura, Baba Sudi?" Akaona haya.

Siku tatu kasha lilikaa katikati ya ua limefunikwa turubai. Siku tatu kila mke alifagia kona moja ya nyumba yake, akaiacha wazi. Shamimu alitandika hata kitambaa cha kudarizi. Chakula kilipikwa majiko matatu, Mzee hakukimaliza hata kimoja.

Ijumaa asubuhi ofisa anakuja kukagua. Sasa ni Alhamisi, saa kumi alasiri. Fundi ameshafika, ana drili na bolti nne. Bi Mwajabu amesimama mlangoni kwake, Zaituni mlangoni kwake, Shamimu mlangoni kwake. Hakuna anayemtazama mwenzake. Wote wanamtazama mume wao, na mume wao anatazama ardhi.

"Mzee," fundi anauliza, "nitoboe ukuta wa nani?"

Mimi nimemaliza. Zamu yenu. Aliyeshika mkono, aliyechagua risasi, au aliyeificha? Ungekuwa wewe ndiye Mzee Sufiani, ungenyoosha kidole wapi? Jibu. Tena jibu kwa sauti, ili huyo mwenzako uliyekaa naye bega kwa bega asikie umemtaja nani.