Kwa Nini Mahindi Hupuliziwa Pumzi

Enzi hizo mahindi yalikuwa yakisema. Kule milimani Meksiko, katika vijiji vya Wanahua, mtu akipita karibu na ghala alisikia punje zikinong'onezana ndani ya maganda kama watoto waliolazwa mapema. Watu waliyapenda kama jamaa zao. Lakini kuyapika kuliumiza roho. Yalipoona chungu kinatokota yalilia, yakaruka hadi majivuni, na mengi yakaungua bila kuliwa.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Xoco, kitinda mimba wa marehemu Bi Teyacapan, akabakiwa na kibuyu kimoja cha mahindi na binti mdogo, Nenetl, aliyedhoofika hata kulia hawezi. Bi Teyacapan alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na nyumba ilikuwa bado haijazoea kukaa bila yeye.

Xoco akabandika chungu, akachota punje kwa viganja. Zikaanza: "Usitutie motoni, mama! Tunaogopa!"

Zikirukia majivuni hizi, mtoto atakula nini? Akatamani mama yake angekuwapo. Ndipo akamkumbuka siku ile ya mto uliofurika, yeye akiwa mdogo, amegoma kuvuka. Mama hakumkaripia wala hakumburuta. Alimshika mikono, akampulizia viganjani pumzi ya uvuguvugu, akasema, "Sasa nimo humu. Twende."

Xoco akazileta punje karibu na midomo, akazipulizia taratibu. "Msiogope, wanangu. Hamwendi peke yenu. Nimo humu."

Punje zikatulia. Akazimimina chunguni, isiruke hata moja. Zilipoiva akazisaga, akachoma chapati, na Nenetl akala hadi usingizi ukamchukua, tonge lingali shavuni.

Kulipokucha Xoco aliyaamkia mahindi yaliyobaki. Hayakuitika. Pumzi yake ilikuwa imekaa pale palipokuwa na sauti yao. Alikipakata kibuyu akasikiliza hadi jua likapanda. Majirani nao wakaiga, maana njaa ilikuwa imewafika shingoni, na ghala moja baada ya jingine likawa kimya. Wazee waliokuwa wamelelewa na minong'ono ile hawakulala vizuri tena.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa kule hatii mahindi chunguni kabla ya kuyapulizia. Mahindi hayasemi. Yeye ndiye huyasemesha, akiyaita wanangu, kisha hungoja kidogo kabla ya kufunika chungu.