Kamera Iliyonyamaza Msengi Alipoihitaji

Hii nimetumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Isome yote kabla hujamlipa fundi.

Katika mji mmoja wa alizeti aliishi mama aliyeitwa Perpetua Mkumbo, mwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta. Wakulima walimletea magunia yao, kila mmoja na alama yake ya rangi, yakakaa ghalani kusubiri zamu.

Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao Perpetua. Wa pili alikaa nao Msengi, ambaye wakulima walimchagua wenyewe. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake, na kwa utaratibu huo watu walilala usingizi.

Perpetua akataka na kamera, maana dunia imebadilika. Fundi akaja na kompyuta yake ya mkononi, akamwonyesha picha ya ghala ambayo punje za alizeti sakafuni zilionekana moja moja.

"Mwenye macho haambiwi tazama," fundi akasema.

"Nitaiona hata wewe ukiondoka?"

"Kuna kiprogramu kidogo tu cha kampuni. Lazima kiwekwe kwenye kivinjari, kile cha kufungulia intaneti, ndipo picha ifunguke. Nitakuwekea kwenye kompyuta ya ofisini. Usihofu, mama."

Perpetua hakuhofu. Ufunguo wa ghala asingemwachia hata askofu peke yake, lakini hili la kiprogramu liliingia sikio hili likatokea lile.

Kompyuta ya ofisini ikaja kufa, akanunua mpya. Taa za kamera ziliendelea kuwaka, naye akaridhika kwamba kazi inaendelea.

Msimu wa mavuno, magunia ya mjane mmoja, Mama Shani, yakakosekana. Ndiyo yaliyokuwa jasho lake la mwaka mzima. Mlango haukuvunjwa, na mwenye kiwanda hakuna aliyethubutu kumshuku, kwa hiyo wakulima wakamgeukia Msengi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akasema, wala hakushusha sauti.

Msengi hakugombana. "Kamera si ipo? Ifungueni. Ikinionyesha mimi, nipelekeni polisi."

Watu wakajazana ofisini. Perpetua akaketi kwenye kompyuta mpya, akafungua. Badala ya picha yakatokea maandishi: weka kwanza kiprogramu. Akakiweka. Kivinjari kikakikataa, kwamba vya aina hiyo hakipokei tena. Akampigia fundi.

"Mama, hizo zinataka kompyuta ya zamani. Mimi ninayo, ila niko safarini. Nikirudi nitapita."

Sasa, kamera zikijaa hufuta picha za nyuma ili zipate nafasi ya mpya. Fundi alirudi kwa wakati wake, akaunganisha kompyuta yake kuukuu, na picha ikafunguka, safi kama ile ya siku ya kwanza. Lakini ilianzia siku kadhaa baada ya magunia kupotea.

Msengi akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akaenda zake. Hakuna aliyemwita. Perpetua naye alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angebaki ajitetee.

Mvua zilipoanza, mnunuzi mmoja wa mji wa mbali, aliyechukua alizeti ya Perpetua pale ghalani msimu wa mavuno, akapiga simu.

"Mama Mkumbo, nilikuwa napanga ghala langu upya. Kuna magunia humu yana alama nyekundu. Sikuyanunua haya. Nadhani siku ile mlinipakilia ya watu."

Alama nyekundu ilikuwa ya Mama Shani. "Nani aliwaambia vibarua wayapakie?" Perpetua akauliza.

"Si wewe mwenyewe? Msengi alikuwa kule kwenye mizani. Wingu limetanda, wewe umesimama mlangoni unasema, 'Na hayo, pakieni haraka!'"

Perpetua akakaa chini. Aliikumbuka siku hiyo, wingu lile na haraka yake. Picha iliyofutika ilikuwa na mkono wake mwenyewe ukielekeza. Aliona aibu, ile inayomfanya mtu asitake chakula.

Alimrudishia Mama Shani mali yake, akawaeleza wakulima wote kosa lilikuwa la nani. Kisha akang'oa kamera zile, akaita wauzaji wawili, kila mmoja akafunga yake ya majaribio mlangoni mwa ghala. Walipotaka kuwasha kompyuta zao, akawazuia.

"Zifungeni. Twendeni."

Akawapeleka hadi nyumbani kwa Msengi, aliyekuwa akigongelea misumari banda la kuku.

"Hodi, kaka Msengi."

"Karibuni," akajibu, bila kuacha nyundo.

"Nimekuja kuomba radhi, na kuomba simu yako." Akawageukia wauzaji. "Nionyesheni ghala langu humu, kwa kivinjari alichonacho, bila kumwekea kitu."

Wa kwanza, ambaye picha zake zilikuwa kali kupita zote, akajikuna kichwa. "Yetu, mama, mpaka kile kiprogramu chetu..."

"Asante, baba. Safari njema."

Kamera ya wa pili ilikuwa ya kawaida tu. Muuzaji huyo aliandika anwani kwenye simu, na mlango wa ghala ukatokea kiganjani mwa Msengi.

"Nachukua hii," Perpetua akasema. "Kaka, weka neno lako la siri, mimi usinionyeshe. Nitakuwa na langu." Akautoa ule ufunguo wa kufuli ya pili, akamnyooshea.

Msengi aliutazama, hakuupokea. "Na siku ukikosea wewe tena, mama?"

"Utaniona kabla sijakusingizia."

Msengi akaweka nyundo chini, akaupokea ufunguo.

Funzo: Unapochagua kamera, usiishie kuuliza inaona vizuri kiasi gani. Uliza nani ataweza kuifungua siku aliyekuuzia hayupo, maana shahidi anayesema kwa ruhusa ya muuzaji hatakuwepo siku unapomhitaji.