Ligi ya Kichwani na Jiwe la Bi Pimbi

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie iingie!
— Imechoka, imetembea!
— Ipe kigoda ikae!
— Imeshika kitu mkononi!
— Sema wewe, sisi hatukioni!
— Imeshika rungu. Tulieni, haimpigi mtu.

Palikuwa na uwanja kando ya bwawa. Uwanja huo ulikuwa na vichuguu vinne, kimoja kila pembe. Wanyama wa ng'ambo ya mto walikuja hapo kucheza mchezo wao. Mmoja hutupa kwakwa, lile tunda gumu la mviringo. Mwingine hulipiga kwa rungu, pwaa! Kisha hukimbia, tiki-tiki-tiki, kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha nne. Akiona hatafika, husimama juu ya kichuguu alichokifikia na kungoja mwenzake apige. Akigusa cha nne, hushangiliwa.

Pembeni walikaa marafiki wanne ambao hawakucheza. Bwana Kiboko alikaa ukingoni mwa bwawa, kwa kuwa bwawa lilikuwa lake. Mama Kanga alikaa kichakani mwake, juu ya mayai yake. Bi Pimbi alikaa juu ya jiwe lake, chini ya mlima, na watoto wake watatu. Wa nne alikuwa Kobe. Kobe hakuwa na mahali pake, maana nyumba yake anaibeba mgongoni, basi wakamfanya karani.

Marafiki hawa walikuwa na ligi yao. Waliiita Ligi ya Kichwani. Uwanjani kulikuwa na wachezaji kumi na wawili. Kiboko alichagua wanne, Kanga wanne, Pimbi wanne, kila mmoja akasema, "Hawa ni wangu." Wachezaji wenyewe hawakuwa na habari. Digidigi alikimbia nusu ya msimu bila kujua kwamba yeye ni wa Bi Pimbi.

Mchezaji akigusa kichuguu cha nne, rafiki mwenye mchezaji huyo alipata pointi moja. Lakini ilikuwa lazima amtaje kwa sauti kabla hajakigusa. Asipomtaja, na mwingine akamtaja, pointi ilikwenda kwa aliyetaja. Kobe aliiweka sheria hiyo kwa sababu msimu uliotangulia Kiboko alikuwa analala, akiamka anadai pointi za asubuhi nzima.

Sheria ya pili aliileta Kiboko. Mwisho wa msimu, wa mwisho humpa wa kwanza mahali pake pa kukaa, mpaka msimu mwingine. Wote waliikubali wakicheka. Hakuna aliyedhani atakuwa wa mwisho.

Nusu ya msimu ilipofika, Kobe alisimama kusoma taarifa. Alisimama, ila hakuna aliyeona tofauti.

"Taarifa ya nusu msimu," alisema. "Bwana Kiboko, pointi arobaini na moja. Mama Kanga, thelathini na tatu. Bi Pimbi, kumi na mbili. Mvua imenyesha siku nyingi. Nyani wa Bwana Kiboko alipiga kwakwa moja likaenda. Linatafutwa mpaka sasa. Digidigi wa Bi Pimbi ameteleza mara tisa. Hakuna majeruhi. Mwisho wa taarifa."

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko akacheka, maji yakatikisika. "Jirani, hilo jiwe lako lina upande wenye mikwaruzo, sivyo?"

"Lina," Bi Pimbi akajibu.

"Mgongo wangu unawasha."

"Pole."

"Msimu ukiisha nitakuja kujikuna hapo. Wewe na wanao mtajitafutia shimo."

Mtoto wa kwanza akauliza, "Mama, tutaota jua wapi?" Bi Pimbi akamvuta karibu. Usiku mlimani ni baridi. Pimbi asipoota jua asubuhi, miguu haimtii, na tai anajua hilo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mabadilishano. Ilikuja mara moja kwa msimu. Siku hiyo rafiki aliweza kumwomba mwenzake wachezaji, idadi yoyote, kwa kitu chochote, mradi kila mmoja abaki na mchezaji hata mmoja.

Bi Pimbi aliamka mapema akatazama angani. Hapakuwa na wingu. Hapakuwa na wingu siku ya tatu sasa. Akamtazama Kiboko. Jua lilipompiga mgongoni alizama, chubwi! Bi Pimbi akahesabu pumzi zake mwenyewe kimya kimya mpaka Kiboko alipotoa kichwa. Kisha akakaa kungoja.

Kiboko akaja. "Ardhi imekauka," alisema. "Digidigi wako hatateleza tena. Namtaka."

"Mchukue."

"Na Swala."

"Mchukue."

"Na Ngiri?"

"Mchukue na Ngiri."

Kiboko akamtazama vizuri. Alikuwa amejiandaa kugombana. "Wewe unataka nini?"

"Nibakizie Kakakuona." Kakakuona huyo, akiona kwakwa linakuja, hujikunja.

"Bakia naye. Kingine?"

"Sheria zibaki kama zilivyo mpaka siku ya mwisho. Mtu asiziguse."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Bi Pimbi, wewe ni jirani mwema. Akili huna, lakini ujirani unao."

"Ahsante, bwana."

Kobe akachora mstari kwenye tope lililobaki kando ya bwawa. "Imeandikwa."

Kiboko akageuka. Akaenda mpaka kichakani, akauweka mguu wake mmoja karibu na mayai. "Mama Kanga," alisema, "mguu huu una tabia ya kuteleza."

"Chukua!" Kanga akapiga kelele. "Chukua watatu! Chukua, baba, ila huo mguu urudishe ulikoutoa!"

Kwa hiyo Kiboko akawa na wachezaji kumi. Kanga mmoja. Pimbi mmoja, naye amejikunja.

Kanga akamwendea Bi Pimbi mbio. "Shoga, jua limekuingia kichwani? Mimi nilitishwa. Wewe umempa mwenyewe, kwa adabu, na ahsante juu!"

"Dada, sauti yako ni nzima?"

"Sauti? Mimi tangu nitoke kwenye yai sijanyamaza."

"Basi iweke karibu."

Asubuhi yake mchezo ukaanza tena. Kulikuwa na ubaridi. Kiboko akatoka majini, akasimama, akataja. "Nyani!" Pointi. "Swala!" Pointi. Akacheka, "Ho! Ho! Ho!"

Wakati wa mvua alikuwa na wachezaji wanne na mawingu juu ya kichwa. Sasa alikuwa na kumi, na jua. Mmoja hajakaa, mwingine ameshika rungu. Jua likapanda. Ngozi ya mgongo ikaanza kukaza, ikaanza kupasuka. Kiboko akatazama uwanja, akatazama maji. Akazama, chubwi!

Rungu likapiga, pwaa! Digidigi akakimbia, tiki-tiki-tiki. Kichuguu cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe.

"Kwiii! Digidigi!"

Kobe akachora alama.

Kiboko akatoa kichwa. "Nani amefika?"

"Digidigi," Kobe akasema.

"Wangu huyo! Pointi yangu!"

"Ulimtaja?"

"Nilikuwa majini!"

"Sheria inasema atajwe. Haikuuliza ulikuwa wapi."

"Basi sheria ibadilishwe!"

Kobe akautazama mstari wake. Tope lilikuwa limekuwa gumu kama chungu. "Ulikubali isiguswe," alisema. "Imekwisha kukauka."

Kesho yake ikawa vile vile. Jua likapanda. Kiboko akazama, chubwi! Rungu likapiga, pwaa! Swala akakimbia, tiki-tiki-tiki. Bi Pimbi akasimama, "Kwiii! Swala!" Kobe akachora alama.

Kesho kutwa ikawa vile vile, chubwi, pwaa, tiki-tiki-tiki, kwiii, ila siku hiyo Kanga naye akajua kazi ya sauti yake. Wengine walimpita akiwa katikati ya habari za harusi ya binamu yake. Wengine aliwapata.

Kiboko akajaribu kutaja akiwa chini ya maji. "Bwu-bwu-bwu!"

"Bwu-bwu-bwu simjui," Kobe akasema. "Hayumo kwenye orodha."

Kiboko akajaribu kukaa nje mchana kutwa. Alivumilia mpaka saa sita. Nzi walikuja kwanza, kisha maumivu.

"Chukueni wachezaji wenu!" akanguruma. "Siwataki tena!"

"Mabadilishano ni nusu ya msimu," Kobe akasema. "Nusu imepita."

Siku ya mwisho ikafika. Alasiri, Kobe akatangaza: "Kabla ya pigo la mwisho. Mama Kanga, hamsini na moja. Bwana Kiboko, hamsini. Bi Pimbi, hamsini. Digidigi yuko kichuguu cha pili. Anayepiga ni Nyani."

Kila mtu akaelewa. Wote wawili walikuwa wa Kiboko. Nyani akipiga vizuri watafika wote wawili. Kiboko akiwataja atakuwa wa kwanza, na jiwe atalichukua jioni hiyo hiyo.

Safari hii Kiboko hakuzama. Alisimama ukingoni, mgongo umepasuka, macho kwenye uwanja. Watoto wa Bi Pimbi walijibana nyuma ya mama yao. Hata Kanga alinyamaza, na mpaka siku hiyo jambo hilo lilikuwa halijatokea.

Ng'ambo ya uwanja, Nyani alikuwa akitemea mate viganja, akilipima rungu. Nyani hapigi upesi.

"Bwana Kiboko," Bi Pimbi akaita. "Jioni hii jiwe litakuwa lako."

"Najua."

"Ila sijui kama mgongo wako utaenea. Ungekuja ukapima mapema, nijue. Kama hauenei, nisiwasumbue wanangu kuhama bure."

Kiboko akautazama uwanja. Nyani alikuwa bado anatema mate. Akalitazama jiwe. Mgongo ukawasha.

"Napima tu," alisema.

Watoto wakasogea. Kiboko akauegemeza mgongo kwenye upande wenye mikwaruzo. Akasugua mara moja. Kwaru. Akasugua mara ya pili. Kwaru-kwaru. Macho yakajifumba yenyewe.

"Unaenea?" Bi Pimbi akauliza.

"Aaah," Kiboko akasema. "Unaenea." Kwaru-kwaru-kwaru.

Pwaa!

Hakusikia. Digidigi akaondoka kichuguu cha pili, tiki-tiki-tiki. Nyani akamfuata nyuma, tupu-tupu-tupu. Bi Pimbi akangoja. Digidigi akapita cha tatu. Bi Pimbi akangoja. Digidigi akabakiwa na hatua moja.

"Kwiii! Digidigi!"

"Eh? Kuna nini?" Kiboko akafumbua macho. Alikuwa ameutazama mlima, si uwanja. Akaanza kugeuka, na kugeuka kwa kiboko ni shughuli. Aligeuza kichwa, kisha mabega, kisha tumbo.

"Kwiii! Nyani!"

Alipomaliza kugeuka, Nyani alikuwa amebebwa juu na wenzake.

Kobe akasimama kusoma taarifa. "Bi Pimbi, hamsini na mbili. Mama Kanga, hamsini na moja. Bwana Kiboko, hamsini. Bwawa ni la Bi Pimbi mpaka msimu mwingine. Mwisho wa taarifa."

Kiboko hakucheka. Alitazama maji. "Sasa nitakaa wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto wa Pimbi.

"Kaa humo humo," Bi Pimbi akasema. "Maji mimi siyapendi. Ila nyumba ni yangu, bwana. Ukitoka, ukiingia, hata ukitoa pua tu, piga hodi."

Kiboko akaingia majini. Akazama. Akatoa pua, akapiga hodi, lakini mdomo ulikuwa umejaa maji. Lililotoka ni "Ho! Ho! Ho!" Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe na watoto wake, anaota jua. Hakuitikia. Alikuwa amesinzia.

Mpaka leo Kiboko akitoa kichwa majini hupiga hodi. Watu hudhani anacheka.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni hili: mdogo asipaze sauti mbele ya mkubwa, na mkubwa akitaka kitu apewe. Apewe chote, siku hiyo hiyo, na aambiwe ahsante.

— Hadithi inaaga!
— Iende salama!
— Imesahau rungu lake!
— Tuifuate nalo?
— Acheni. Atakayeliokota ndiye atakayesimulia.