Mnyama wa Mgeni Hunywa Kwanza

Ndugu zangu, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo mnisikilize. Leo nina hasira, na siifichi.

Kulikuwa na mchuuzi mmoja, kijana, aliyeingia katika nchi ya wafugaji kabla haijafika barabara wala duka. Alikuja kwa miguu, nyuma ya punda wawili waliobeba chumvi, shanga na majora ya kitambaa. Hakumjua mtu. Maji yalimwishia njiani, na alipofika kwenye mto wa nchi ile akakuta mchanga mtupu, ukingo hadi ukingo. Punda mmoja akapiga magoti. Kijana akakaa kando yake akalia, maana punda wale ndio waliokuwa mali yake yote.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na kisima chao humo humo mtoni. Mmewahi kuona kisima cha mchangani? Huchimbi mara moja ukaenda zako kulala. Ni shimo refu, na kila siku kuta zake humomonyoka. Kwa hiyo asubuhi, kabla ng'ombe hawajanywa, watu hushuka shimoni wakajipanga mstari toka chini hadi juu, wakapokezana ndoo: kwanza za mchanga, kisha za maji, mpaka kwenye hori la kunyweshea. Mstari ukikatika, hakuna anayekunywa. Tena walikuwa na desturi yao: mnyama wa mgeni hunywa kwanza.

Mama mmoja wa makamo alikuwa horini na mbuzi wake. Alipomwona yule kijana, akawasukuma mbuzi pembeni.

"Lete punda wako, mwanangu."

"Mama, sina cha kukupa."

"Nani kakuomba kitu? Mgeni hunywa kwanza. Kesho utaingia mstarini kama sisi."

Na kweli aliingia. Miaka ile ya mwanzo alisimama shimoni, tope magotini, akipokea ndoo na kuimba nao. Watu wakampenda. Wakampa mitamba kwa chumvi yake, na mitamba wakazaa. Punda wakawa lori, kibanda kikawa duka, na ng'ombe wake wakivuka barabara unasubiri mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Nani anamchukia mtu kwa kufanikiwa? Si mimi. Alifanya kazi, tena kazi ya jasho.

Lakini akaacha mstari. Kwanza alisema mgongo unamuuma. Baadaye akawa anatuma wachungaji wake. Mwisho akaanza kuwaita wenziwe "hawa". Hawa wananichafulia maji. Hawa mbuzi wao wana magonjwa. Mnayajua maneno hayo? Ngojeni, tutayarudia.

Ukaja ukame, ule wa kuchoma hadi mizizi. Mzee wetu, maana sasa alishakuwa mzee mwenye kitambi na kofia pana, akakizungushia kisima seng'enge, akaweka lango, akatia kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Asubuhi yake nani akaja langoni? Mama yule yule, sasa bibi kizee, na vimbuzi vyake vilivyobaki mifupa.

"Mwanangu, nifungulie wanywe."

"Bibi, nyakati zimebadilika. Kila kitu sasa kina mwenyewe."

"Na kisima hiki mwenyewe nani?"

"Mimi. Huoni seng'enge?"

Bibi akaitazama ile seng'enge, akamtazama na yeye. "Haya," akasema. "Basi na mchanga wake ni wako." Akageuka na mbuzi wake, akaenda.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Walimwonea punda! Punda alikunywa akatulia. Aliyepiga teke ni mwenye punda.

Watu wakahama, wakafuata mto kwenda juu, wakachimba upya. Na wachungaji wake wa mshahara walikuwa watoto wa nani? Wa nyumba zile zile alizozifukuza. Nao wakaenda na mama zao. Tajiri akabaki na kufuli lake. Akaleta pampu ya mafuta, ikanywa mchanga, ikakohoa, ikafa. Akavua kofia akashuka mwenyewe shimoni na ndoo. Akajaza mchanga, akapanda nayo, akamwaga, akashuka. Kila akishuka anakuta mwingine umeshaporomoka. Mtu mmoja hafanyi mstari, ndugu zangu, hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde. Haikupita wiki kisima kikajaa mchanga mpaka mdomoni, na lango bado limefungwa vizuri kabisa.

Ng'ombe wakaanza kuanguka. Waliobaki wakanusa maji ya huko juu, na ng'ombe mwenye kiu akinusa maji humshiki. Wakatimka, na yeye nyuma yao, vumbi tupu kichwani, mpaka kwenye kisima kipya. Vijana walipoona ile chapa yake mapajani mwa ng'ombe wakanyanyua fimbo. Na mimi ningenyanyua!

"Wekeni chini," bibi akasema. "Sogezeni mbuzi. Wanyama wa mgeni hunywa kwanza."

Yule mzee alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. "Bibi, mgeni vipi? Mimi nimezeekea hapa. Wewe unanijua."

"Wa hapa tunawajua mstarini, mwanangu. Nimekutafuta huko, sikukuona. Nywesha wanyama wako."

Ng'ombe wake wakanywa wakashiba, na mbuzi wa bibi wakangoja juani.

Mnataka niseme alitubu? Kwamba alivua viatu akashuka shimoni? Sijui, na sitawadanganya. Ninachojua ni habari zetu sisi.

Sisi tuna bomba nyuma ya kanisa hili. Nani alichimba mtaro wake? Mtaa mzima! Walikuja wa kanisani na wasio wa kanisani, wakachimba kwenye jua kali huku sisi tukiwaimbia kwamba maji ni ya wote. Leo bomba hilo lina kufuli. Kamati imekaa ikaona kina mama wa mtaani wanatuchafulia uwanja. "Hawa si washirika wetu," ndivyo ilivyosemwa, na hakuna aliyesimama kupinga. Wanapita hapo nje na ndoo zao wakitusikia tunaimba habari za maji ya uzima. Hatuoni haya? Tunamwita Mungu Baba, na watoto wake tunawafungia bomba!

Tunadhani sisi ndio wenyeji wa nyumba hii. Nani katuambia? Siku tukiishiwa, na siku hiyo inakuja kwa kila mtu, tutaangukia mikono ya wale wale tuliowafukuza. Na wao wakitupokea kwa wema, huo wema utatuchoma kuliko fimbo.

Kwa hiyo leo baraka ya mwisho sitaitoa humu ndani. Nitaitolea pale bombani. Mzee mwenye ufunguo, namwona amekaa safu ya mbele, asimame atangulie, sisi tutamfuata. Na tukifika, wa nje wachote kwanza.